Tyubu Mbili za Mokami

Siku ya kwanza Shamimu alipoingia maabara kwa mafunzo, Madam Domitila, mkuu wa pale, hakumpa sindano. Alimpa mkono. Alikunja mkono wa koti lake jeupe, akaulaza juu ya meza na kusema, "Tafuta mshipa. Usitafute kwa macho, tafuta kwa kidole." Shamimu akapapasa, akapapasa tena, mpaka jasho likamtoka puani, na yule mama hakumsaidia hata kidogo. Ndivyo alivyokuwa. Aliamini kwamba mtu akionyeshwa kila kitu hajifunzi kitu.

Kituo chenyewe kilikuwa nje kidogo ya mji wa Tarime, kandokando ya barabara iendayo Sirari, na watu waliofika pale walikuwa mchanganyiko. Walikuja madereva wa malori waliochoka kusubiri mpakani. Walikuja wachimba dhahabu kutoka mikoa ya mbali, mishipa imewatuna mikononi kwa kazi ya sururu, lakini wakiona sindano wanageuza uso ukutani kama watoto. Walikuja kina mama wa vijijini wenye mishipa myembamba inayokimbia ukiigusa. Kwa mikono hiyo Shamimu alijifunza. Funga mpira juu ya kiwiko, lakini usiuache ukakaa sana. Futa kwa spiriti, kisha subiri ikauke. Sindano iingie kwa ulalo, tundu likitazama juu. Damu ikishajaa, fungua mpira kwanza ndipo uchomoe, la sivyo mgonjwa atakulowanisha mbele ya watu.

"We binti, taratibu!" Madam alimfokea siku moja alipomkuta anatikisa tyubu kwa nguvu. "Hapa hatusuki kibuyu cha maziwa. Hiyo inageuzwa polepole. Chembe zikipasuka utapima nini? Utapima uzembe wako?"

Nikodemo, mtaalamu wa pale aliyekaa kwenye darubini kutwa nzima, akacheka mpaka miwani ikamshuka. Shamimu naye akacheka. Alikuwa anaipenda kazi ile, na kwao walijua. Baba yake, fundi Muzamil wa cherehani pale Nyamisangura, alikuwa hampimi mteja kiuno bila kumwambia kwamba bintiye ni daktari wa damu. Shamimu alimkataza wee, akachoka.

Lakini somo lililorudiwa kuliko yote lilikuwa la lebo. Madam Domitila alilisema asubuhi, akalisema mchana, na wakati mwingine akalisema huku anakula chapati. "Umemtoa mtu damu, andika jina lake palepale, yeye akiwa mbele yako. Kabla ya kumtoa, usiandike. Ukishampa mgongo, umechelewa. Tena usimtajie jina lake. Mwulize, akutajie mwenyewe. Mgonjwa ana homa, ana maumivu, ana woga. Ukimwambia 'wewe ni fulani?' ataitika hata ukimwita Farao."

Shamimu alikuwa ameshateleza mara moja. Alibadilisha mikojo ya madereva wawili, na bahati nzuri wote walikuwa wazima, hakuna aliyeumia. Madam hakupiga kelele siku ile, na hilo ndilo lililomtisha. Alimwambia kwa sauti ya chini, "Ukirudia, unarudi chuoni. Nitakupeleka mwenyewe, na nitawaambia wasikuruhusu kushika tena damu ya mtu." Kuanzia siku hiyo Shamimu alianza kumwogopa Madam kuliko alivyoogopa kukosea. Na hapo, nakwambia, ndipo kosa lilipopata mlango.

Rahabu aliletwa alasiri, siku ya mvua, katikati ya watu wawili juu ya pikipiki. Nyuma yake alikaa mama mmoja mrefu, mkavu, amemkumbatia kwa mikono yote miwili ili asidondoke. Kitoto kichanga kilikuwa kimefungwa kifuani kwa mama yule, ndani ya koti la mvua. Rahabu alikuwa amejifungulia nyumbani, kondo la nyuma likagoma kutoka, na damu ikaanza kwenda bila kukoma. Kanga aliyofungwa kiunoni ilikuwa imelowa mpaka inachuruzika kwenye viatu vya dereva.

Nesi Gloria aliwapokea mlangoni. Huku machela ikikimbizwa, aliuliza kama wanavyouliza manesi wa huko kila siku, "Mgonjwa wa nani huyu?"

"Wa Mokami," mama yule akajibu.

Gloria akaandika kwenye fomu ya maabara: Mokami, wodi ya wazazi, apimwe kundi la damu, iandaliwe damu haraka. Hakuwa na sababu ya kuandika zaidi. Mtu anavuja damu, wewe utaanza kuhoji ukoo?

Shamimu akatumwa. Alikwenda mbio na trei yake, lebo ameshaiandika njiani kwa kuiiga ile fomu, maana alitaka asichelewe. Kosa la kwanza hilo. Alimkuta Rahabu amefumba macho, midomo imekuwa ya kijivu. Daktari alikuwa anahangaika upande wa miguu. Shamimu akainama sikioni kwake.

"Wewe ndiye Mokami?"

Rahabu akatikisa kichwa, ndiyo. Kosa la pili.

Sindano iliingia mara moja, tena mshipa wenyewe ulikuwa umelala, umeisha nguvu. Hata Madam angemsifu. Shamimu alijisikia vizuri, Mungu amsamehe, alijisikia vizuri kwa ile sindano. Akabandika lebo yake. Kabla hajanyanyuka, yule mama mrefu akanyoosha mkono wake juu ya trei.

"Na mimi nitoe. Nasikia anahitaji damu. Chukueni yangu."

"Mama, watoaji wanapimwa kule maabara..."

"Siondoki hapa. Nimemshika mkono. Nitolee hapahapa."

Shamimu akatazama ule mkono mwingine uliomshika Rahabu, akaona kubishana ni kupoteza muda. Akafunga mpira, akamtoa. "Jina lako, mama?"

"Mokami."

Shamimu hakushangaa. Alizaliwa Tarime, ingawa babu yake alitoka pwani na bidhaa zake, na alijua watu wa huko wanavyorithishana majina. Akajisemea: mama na binti, jina moja. Akaandika Mokami kwenye tyubu ya pili, akataka aongeze neno "mtoaji", na hapohapo Gloria akapaza sauti, "We Shamimu, kimbia basi, mtu anatuishia!" Akazitia tyubu zote mbili kwenye mfuko mmoja wa koti, akakimbia kwenye mvua.

Alipozitoa kule maabara zilikuwa zimelala pamoja kiganjani mwake. Kofia zilezile, lebo zilezile, mwandiko mmoja. Akazigeuza huku na huku. Hakujua ipi ni ya nani.

Hebu sema, wewe ungefanyaje? Unajua vizuri ungefanyaje. Ungezimwaga zote mbili kwenye pipa la taka, ungerudi wodini na sindano mpya, ungetukanwa, ungeishi. Ni kazi ya dakika chache tu. Lakini Madam Domitila alikuwa amekaa palepale kwenye kiti chake, anatandaza damu ya mtoto mmoja kwenye kioo, na Nikodemo alikuwa ameshanyoosha mkono.

"Lete. Mbona mbili?"

"Moja ya akiba," Shamimu akasema.

Hata yeye alishangaa jinsi uongo ule ulivyotoka laini. Nikodemo akachukua iliyokuwa karibu, nyingine akaichomeka kwenye kishikio. Madam hakuinua macho. Shamimu akasimama pale, akaanza kujipooza kama wanavyojipooza waoga wote. Ni mama na mwanawe, alijiambia. Damu ni moja. Ipi itakayopimwa, majibu yatakuwa yaleyale. Alikuwa amefundishwa darasani kwamba si hivyo, kwamba mtoto anaweza kuchukua kundi la baba na mama akabaki na lake. Alilijibu swali hilo kwenye mtihani, akapata. Siku ile aliamua kusahau.

"Kundi A," Nikodemo akatangaza. "Ipo moja kwenye friji." Akaioanisha na ile tyubu, ikakubaliana nayo vizuri, na kwa nini isikubaliane? Gloria akaja akauchukua mfuko, akasoma jina, akaondoka nao kifuani ili uanze kupata joto.

Shamimu alibaki na tyubu ya pili. Akaitazama. Nikodemo alipotoka kwenda kunawa, akaichomoa kwenye kishikio, akajificha pembeni ya friji na kuipima kimyakimya. Alitaka tu kujihakikishia. Alitaka aone A nyingine, atupe ile tyubu, alale usingizi wake. Tone la kwanza halikuganda. La pili halikuganda. Kundi O.

Hata hapo hakusema. Mficha maradhi kifo humuumbua, na Shamimu alikuwa ameyashika maradhi ya mtu mwingine mkononi na bado anayaficha. Akajiambia, huenda hii O ndiyo ya mama, na ile A ya binti. Huenda mambo yako sawa. Nusu kwa nusu. Akasimama na kioo chake, anahesabu bahati ya mtu ambaye hakuulizwa.

Ndipo yule mama mrefu akatokea kwenye dirisha la maabara, maji ya mvua yanamtiririka usoni.

"Mura," alimwita Nikodemo aliyekuwa anarudi, kama wanavyoitwa vijana huko. "Damu yangu mmeshaipima? Inamfaa mke wangu?"

Nikodemo akakodoa. "Mke wako, mama?"

"Mke wangu. Nimemwoa mimi. Nyumba yangu haikupata mtoto wa kiume, nikatoa ng'ombe kwao, nikamleta azae kwa jina langu. Nyumba ntobhu. Kwani wewe mgeni hapa?"

Nikodemo hakuwa mgeni, wala Shamimu. Tangu utotoni alikuwa anasikia habari za wanawake wanaooa, alicheza na watoto wa nyumba hizo shuleni. Lakini siku ile haikumpitia akilini. Mtu na mkewe hawana tone moja la damu ya pamoja. Na tena: aliyeitwa Mokami ni huyu hapa dirishani. Yule kitandani alitikisa kichwa kwa jina la nyumba aliyoolewa.

"Mama," Shamimu akauliza, "mke wako anaitwa nani?"

"Rahabu."

Shamimu alikimbia. Aliangusha kioo, akaangusha kiti, akapita kwenye tope bila viatu, maana ndala zilibaki mlangoni. Nyuma yake alisikia Madam anaita, "Nini? Kuna nini?" Alipofika wodini mfuko ulikuwa umeshatundikwa na damu inashuka, tone, tone. Rahabu alikuwa amefumbua macho. Alikuwa anamwambia Gloria, "Dada, mgongo unaniwaka. Mgongo unaniwaka moto." Gloria alidhani ni maumivu ya uzazi.

Shamimu akaubana ule mrija. "Siyo yake!" akapiga kelele. "Siyo yake, siyo yake!"

Kilichofuata kilikuwa kama nyumba inayoungua, kila mtu anakimbia na maji hayatoshi. Madam Domitila alimtoa Rahabu damu upya kwa mkono wake, akamuuliza jina lake kwanza, na Rahabu akalitaja taratibu, silabi baada ya silabi. Kundi O. Kwenye friji hapakuwa na O. Iliyokuwepo alikuwa ameongezewa mchimba dhahabu mmoja aliyefunikwa na kifusi. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda na mwingine. Nikodemo alikuwa O. Alilala kwenye benchi, akajikunjia mkono mwenyewe, Madam akamchoma, na damu ikaanza kujaa kwenye mfuko, nyekundu, ya mtu mzima mwenye afya. Shamimu aliushika mfuko ule na kuutikisa polepole kama alivyofundishwa. Ulikuwa wa moto mikononi mwake.

Bado ulikuwa unapimwa, haujamalizwa, Gloria alipokuja akasimama mlangoni. Alivua glavu zake, akazitupa kwenye ndoo.

Madam alizima mashine ya kuzungushia damu. Nikodemo akabaki amelala palepale, pamba kwenye kiwiko, anatazama dari.

"Uliniambia ni ya akiba," alisema.

Shamimu akaeleza. Alieleza yote, mpaka tyubu aliyoipima nyuma ya friji, na alipofika hapo Madam Domitila akanyanyua mkono kumnyamazisha.

"Ulishajua ziko mbili tofauti. Ukasimama."

"Ndiyo, Madam."

"Kwa kuniogopa mimi."

Shamimu alilia. Madam hakulia, wala hakumpa kitambaa. "Nenda ukamwambie mwenyewe."

"Madam, siwezi."

"Uliweza kusema 'ya akiba'. Na hili utaliweza."

Walimkuta Mokami kwenye benchi la nje, kichanga kifuani. Alikuwa ameshapewa habari za kifo. Hakuwa analia kwa sauti. Alikuwa anayumba mbele na nyuma, na kila akiyumba anatoa mguno mdogo kooni. Shamimu alipiga magoti kwenye saruji iliyolowa, akasema shikamoo kwa mazoea, kisha akasimulia. Alisema tyubu mbili, jina moja, mfuko mmoja. Alisema alidanganya. Daktari aliyesimama nyuma yao akaongeza kwamba huenda Rahabu asingepona hata hivyo, alikuwa amepoteza damu nyingi njiani.

Mokami akaacha kuyumba.

"Kwa hiyo damu mliyomwekea ilipimwa kwangu."

"Ndiyo, mama."

"Mlimwita kwa jina langu, akaitika."

"Ndiyo."

Yule mama akafunga macho. "Ni mimi niliyemfundisha," alisema. "Alinijia bado mdogo, anaogopa kila kitu. Nilimwambia, popote utakapoulizwa, sokoni, barabarani, zahanati, sema wewe ni wa Mokami. Wakisikia jina langu, hakuna atakayekugusa."

Shamimu angependa apigwe. Angependa atemewe mate. Mokami hakufanya lolote, alifunika tu kichwa cha mtoto kwa pindo la kanga, maana upepo ulikuwa umegeuka.

Walimzika Rahabu kesho yake nyumbani kwa Mokami. Madam Domitila aliandika taarifa ya kweli, akajilaumu na yeye mwenyewe ndani yake, akapeleka panapohusika. Shamimu aliambiwa asubiri chuo kiamue. Alikatazwa kushika sindano. Alifika kila asubuhi, akaosha vioo, akapiga deki, akarudi Nyamisangura jioni. Fundi Muzamil aliacha kuwaambia wateja habari za bintiye. Aliwapima viuno kimya.

Kabla jibu la chuo halijafika, Mokami akarudi. Alikuja kwa miguu, mtoto mgongoni. Macho ya kichanga yalikuwa yamekuwa ya manjano, na ngozi ya tumbo vilevile. Daktari akaandika apimwe damu. Gloria akaandika fomu, na safari hii alisimama muda mrefu na kalamu kabla ya kuandika.

Nikodemo alichukua trei. Madam akamzuia.

"Atamtoa Shamimu."

"Madam!"

"Akiondoka hapa bila kufanya hili, atakwenda kuogopa maisha yake yote, na mwoga ataua mwingine. Mama akikataa, nitatoa mimi."

Wakamtazama Mokami. Alimkagua Shamimu toka kichwani mpaka miguuni, kwa muda, bila chuki na bila huruma. Kisha akakaa kwenye kiti, akamfungua mtoto na kumweka mapajani, kisigino nje.

Shamimu akanawa mikono. Alipasha kile kisigino joto kwa kitambaa, akafuta, akasubiri spiriti ikauke. Akachoma pembeni ya kisigino, si katikati. Mtoto akapiga kelele. Tone likatoka, lingine, lingine, akayakinga kwenye kityubu kidogo, bila kukamua kwa nguvu. Akabana pamba. Akachukua lebo tupu na kalamu.

"Jina la mtoto nani, mama?"

Mokami akamtazama mtoto. Kila mtu pale alijua mtoto ni wa nyumba yake, na nyumba ile ilikuwa na majina ya wazee wake waliokuwa wanangoja kurudishwa.

"Rahabu," alisema.

Shamimu akaandika. Mokami akasogeza kichwa karibu, akafuatisha kalamu kwa macho, herufi kwa herufi, ingawa hakujua kusoma. Lebo ilipobandikwa, akaichukua ile tyubu kutoka mkononi mwa Shamimu, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha.

"Hukuandika Mokami?"

"Hapana, mama."

"Nisomee."

"Rahabu."

Mtoto alikuwa bado analia. Mokami hakuirudisha ile tyubu.

"Soma tena," alisema.